Pasaka na watoto wadogo Malindi: bustani ya mjini, kisha vipepeo wa Gede

Nyumbani kwetu tuna watoto watatu: wa miaka saba, wa minne, na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu. Pasaka hii dada yangu alishuka kutoka Nairobi na wanawe wawili, kwa treni hadi Mombasa kisha matatu hadi Malindi. Kwa hiyo tulikuwa na watoto watano, wote chini ya miaka minane, pamoja na mimi, mume wangu, dada yangu, na mama mkwe ambaye goti lake limeanza kumsumbua. Nayasema haya mapema kwa sababu mahali panapowafurahisha vijana hapamfai kila mara mtu aliyefunga mtoto mgongoni kwa leso huku amebeba mfuko wa nepi.

Jumapili, tulipotoka misa, tulikwenda kwenye bustani moja ya burudani hapa mjini. Jina lake naliacha. Tangazo lilikuwa likizunguka WhatsApp tangu Kwaresima: nyasi za kijani, bembea, jumba la kurukia lililojazwa upepo, watoto kuchorwa uso, na mchezo wa kutafuta mayai ya Pasaka. Mlangoni ilikuwa shilingi 300 kwa mtoto na 500 kwa mtu mzima, na hata yule wa mwaka mmoja na nusu alihesabiwa. Tukalipa 3,500 tukijua mambo ya pesa yamekwisha. Kumbe kuingia ni kuingia tu. Kuruka dakika kumi ni 100, kuchorwa uso ni 150. Wale wanne wakubwa waliporuka mara moja na kuchorwa mara moja, tulikuwa tumefika 4,500 na hakuna aliyekunywa hata maji. Sikatai biashara kutafuta faida siku ya sikukuu. Ninachoomba ni kwamba bei zote ziandikwe kwenye tangazo, mzazi ajue anaondoka nyumbani na kiasi gani, asije akamkatalia mtoto mmoja alichompa mwenzake.

Pesa tungezisahau kama kungekuwa na kivuli. Msimu huu kaskazi imekwisha na kusi haijashika, ni wakati wa maleleji, hewa imesimama kama chumbani. Bustani ilikuwa na miti mitano au sita, na waliofika mapema walishatandika mikeka chini yake yote. Tulikaa juani tangu saa saba. Spika mbili kubwa zilikuwa karibu na bembea, zikipiga muziki kwa sauti iliyomfanya mdogo wetu azibe masikio na kulia. Mume wangu alikwenda kuomba wapunguze. Wakapunguza, baada ya robo saa wakarudisha. Kufikia alasiri maji ya choo yalikuwa yamekatika.

Lililoniuma zaidi ni yale mayai. Yalikuwa ya plastiki, yenye peremende ndani, yamefichwa kwenye majani na chini ya viti. Filimbi ilipigwa mara moja kwa watoto wote, wa miaka mitatu na wa miaka kumi na miwili pamoja. Wakubwa walikwenda mbio na mifuko, na kwa muda mfupi sana bustani ilikuwa imesafishwa. Wangu wa miaka minne alikuwa bado anainama kutazama chini ya kiti cha kwanza. Alirudi na kikapu chake kitupu akaniuliza, "Mama, mayai yameisha?" Nilimwambia ndiyo. Kuwatenganisha watoto kwa umri kusingegharimu hata shilingi: wadogo wapewe kona yao, wakubwa yao, kila mtoto aambiwe akipata matatu asimame. Yeyote anayeandaa mchezo huu mwakani, tafadhali fanya hivyo.

Niseme na mema. Pilau ilikuwa ya kweli, si wali uliotiwa rangi, na kachumbari ilikuwa mbichi. Msichana mmoja wa jikoni alipomwona mama mkwe amechoka, alimtafutia kiti na maji ya baridi bila kuombwa. Namshukuru sana.

Usiku ule, watoto wamelala, mama mkwe ndiye aliyesema, "Kesho wapelekeni Gede. Mimi nitakaa chini ya mti, msinihofie." Wajukuu humwita Hawe, na Hawe akisema jambo nyumbani kwetu huwa limekwisha.

Gede, penye magofu ya mji wa kale, iko kilomita kama 16 kusini mwa Malindi. Ukiwa peke yako unapanda matatu ya Watamu, unashuka, unamalizia na boda. Kwa watoto watano tulikodi tuktuk mbili za kwenda na kurudi, bei tukaipatana kabla ya kupanda. Tulifika kabla ya saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mawingu yalikuwa bado mazito, nikaanza kuona tumeharibu siku ya pili.

Kabla ya kuingia magofuni kuna kibanda kikubwa cha wavu cha mradi wa Kipepeo. Tuliingia kukiwa na mawingu na hatukuona kitu ila majani. Kijana aliyetupokea akawaambia watoto wasubiri, kwa sababu kipepeo hawezi kuruka vizuri mwili wake ukiwa baridi, anangoja jua limpashe. Basi tukasubiri. Jua lilipotoka, kwanza alionekana mmoja chini ya jani, amekunja mabawa. Halafu wengine watatu. Kisha ghafla kibanda kizima kikawa kinatembea. Watoto wote watano walinyamaza, na dada yangu alinitazama kwa mshangao, maana tangu wafike hatukuwahi kupata nusu dakika ya kimya.

Kulikuwa na sahani za ndizi zilizooza, na vipepeo wakubwa wamejipanga juu yake wakifyonza kwa ule mrija wao mwembamba. Wa miaka saba aliuliza kwa nini wasipewe ndizi nzuri. Akajibiwa kwamba aina hizo haziendi sana kwenye maua, zinapenda utamu wa tunda lililochachuka, na huko msituni ndivyo zinavyokula matunda yaliyoanguka. Mmoja alitua kwenye leso iliyomfunga mdogo wetu. Mtoto aliinua kidole, hakumgusa, akabaki hivyo hivyo kidole juu.

Kisha yule kijana akawapeleka kwenye mche wa mlimau. Akageuza jani moja taratibu. Juu yake kulikuwa na kitu cha mviringo, kidogo kuliko kichwa cha pini, rangi ya manjano iliyofifia. "Hili ni yai," akasema. "Mama yake hulitaga moja moja, na huchagua ndimu, limau au chungwa, kwa sababu mtoto akitoka hali kila jani." Wangu wa miaka minne alipiga magoti. Alilitazama muda mrefu. Halafu akaanza kugeuza majani mengine mwenyewe, polepole kama alivyoonyeshwa, akapata la pili. Hakulichuma. Aliniita tu: "Mama, hili ni langu nimelipata." Nilifurahi mpaka nikashindwa kumjibu.

Kwenye mche huo huo kulikuwa na viwavi. Wadogo wana rangi ya kahawia na nyeupe, ungeapa ni kinyesi cha ndege, na ndivyo wanavyonusurika wasiliwe. Wakikua hugeuka kijani. Kijana alimgusa mmoja mkubwa kidogo kwa ncha ya jani, naye akachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na kutoa harufu kali. Watoto walipiga kelele wakaomba arudie. Akakataa kwa upole, akasema mnyama huyo ameshachoka. Nilimpenda kwa jibu lile.

Mimi mwenyewe, mtoto wa hapa hapa, nilikuwa sijui vizuri kazi ya mradi huu. Ulianza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, wanalea viwavi nyumbani mpaka wawe pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kugeuka kipepeo, na pupa hao huuzwa nje, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo za Ulaya na Marekani. Vipepeo wa kuzalisha wanatoka msituni, kwa hiyo msitu ukifyekwa mkulima naye amepoteza mapato. Tulionyeshwa pupa mmoja aliyefanana kabisa na jani kavu. Kesho kutwa anaweza kuwa anapanda ndege, na mimi sijawahi kupanda.

Magofu ni hatua chache kutoka hapo, na hapa ndipo kivuli kilipotusubiri: mibuyu, mikwaju, mizizi mikubwa iliyokumbatia kuta za matumbawe. Mama mkwe alipata mahali pake, mkeka ukatandikwa, goti likapumzika. Mji huu wa Waswahili uliishi kwa karne nyingi ukaachwa katika karne ya 17, na tangu mwaka 2024 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watoto wadogo hawajali orodha. Walichokipenda ni majina ya nyumba. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948, aliziita baadhi ya nyumba kwa kitu kilichookotwa ndani yake, kwa hiyo kuna Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Wale wakubwa wawili walifanya mchezo wao: kila chumba wanachoingia wanakipa jina la kitu watakachokiona kwanza. Tulipita Nyumba ya Mjusi, Nyumba ya Jani Kubwa na Nyumba ya Kandambili ya Baba. Lile kaburi lenye tarehe, la mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, tulisimama mbele yake dakika moja tu, maana mdogo alishaanza kusinzia.

Sasa tahadhari, na hii naomba mzazi aisome vizuri. Gede ina visima vya kale, na ni virefu. Mtoto anayejifunza kutembea ashikwe mkono wakati wote, si kuitwa kwa mbali. Visima hivyo vina hadithi yake: kimoja kilichimbwa zaidi kwenda chini, na wataalamu wanaona ni dalili kwamba maji yalikuwa yakipungua, jambo mojawapo linalotajwa kuwa lilichangia watu kuhama. Mwanangu mkubwa aliuliza kama walibeba godoro zao walipohama. Hatukuwa na jibu.

Baada ya mvua mawe huteleza na mbu ni wengi, mpake mtoto dawa ya mbu kabla ya kushuka kwenye tuktuk. Kigari cha kusukuma mtoto usikilete, mizizi haitakuruhusu, leso inatosha. Na kima wa pale hawana haya. Tulipofungua mahamri na mbaazi, kima mmoja alishuka, akachukua ndizi mkononi mwa mpwa wangu, akarudi juu kuila mbele yetu. Mtoto hakuumia ila alistuka sana. Chakula kibaki kwenye mfuko uliofungwa, ukimaliza kula ndipo utembee.

Viingilio vya mahali pote pawili, kwa sisi sote, vilikuwa chini ya tulichotumia Jumapili, na watoto hawakuomba pesa ya kitu kingine mpaka tulipotoka na kumkuta muuza madafu. Kama ningepewa nyota, bustani ya mjini ningeipa mbili, moja ikiwa ya pilau na ya pili ya yule msichana. Siku ya Gede naipa tano, na ningeirudia wiki ijayo kama dada yangu angekuwa bado yupo.

Nyuma ya jiko letu kuna mndimu. Jumanne asubuhi, kabla ya chai, wangu wa miaka minne alikuwa ameshatoka na kikapu chake cha Pasaka, anageuza majani moja moja. Siku ya tatu alipata kiwavi wa kahawia na nyeupe. Tumemwacha pale pale mtini, tumefunga kitambaa chekundu kwenye tawi ili mfuaji asilikate kwa bahati mbaya anapoanika nguo. Jana amegeuka kijani.