Ashwagandha ya kununua: soma asilimia, usidanganywe na miligramu

Lalamiko ni lilelile kila mahali: mtu kanunua chupa ya ashwagandha, mmea wa tiba asili ya India, ya kutuliza mawazo na kuondoa uchovu, kameza mwezi mzima, hajaona tofauti. Mara nyingi dawa yenyewe si feki. Tatizo ni kwamba ndani ya kapsuli mna unga wa mzizi uliosagwa tu, si kiini kilichokamuliwa, na lebo inasema hivyo wazi ila hakuna anayeisoma.

Piga hesabu. Kinachotafutwa humo ni withanolidi, kemikali za mmea zinazofanya kazi. Kiwango cha chini kinachokubalika katika mzizi mkavu ni asilimia 0.3, kwa hiyo unga wa miligramu 500 unaweza kukupa miligramu 1.5 tu. Kiini cha asilimia 5, miligramu 300, kinakupa 15. Yaani kapsuli kumi kwa moja, na ile dhaifu ndiyo yenye namba kubwa mbele ya chupa! Tafuta neno "extract" na asilimia ya withanolidi. Visipokuwepo, rudisha chupa kwenye rafu.

Ya kwanza kwangu ni chapa ya ashwagandha iitwayo KSM-66, na siipi mshindani. Inatoka India, ni kiini cha mzizi pekee, asilimia 5. Huwekwa kwenye chupa za kampuni nyingi, kwa hiyo angalia jina hilo na si jina la kampuni. Kipimo kilichotumika sana kwenye utafiti ni miligramu 300 mara mbili kwa siku, kwa wiki 8. Meza baada ya chakula, maana tumbo tupu huleta kichefuchefu. Usiihukumu kwa siku tatu.

Mjamzito asiiguse ashwagandha kabisa. Mwenye ugonjwa wa ini au wa tezi ya shingo, na anayemeza dawa za sukari, presha au usingizi, amuone daktari kwanza. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, macho yakiwa manjano au mwili ukiwasha, acha siku hiyohiyo ukapime ini.

Ya pili ni chapa ya Sensoril, asilimia 10, miligramu 125 hadi 250 kwa siku. Ina nguvu, ila imechanganywa na majani, na mwaka 2021 wizara ya tiba asili ya India (AYUSH) iliwataka watengenezaji waachane na majani ya mmea huu. Hapo ndipo inaposhuka.

Anayelemewa na uchovu kuliko wasiwasi achukue mmea mwingine, Rhodiola rosea, yenye rosavini asilimia 3 na salidrosidi asilimia 1, ambazo ndizo kemikali zake zinazotafutwa. Lebo ikitaja salidrosidi peke yake, huenda umeuziwa Rhodiola crenulata, ndugu yake asiye na rosavini. Meza asubuhi, ya jioni itakukeshesha.

Mfuko ukibana, unga wa ashwagandha wa kupima kwa kijiko ni bora kuliko unga uleule ndani ya kapsuli, kwani gramu 3 kwenye maziwa ya moto ni rahisi kuliko kumeza kapsuli sita. Mchaichai unafaa kwa jioni. Mlonge ni lishe tu, si wa kutuliza mawazo.

Kinachokera zaidi ni zile chupa za "mchanganyiko maalumu": mitishamba kumi na miwili, jumla miligramu 500, bila kusema upi ni kiasi gani, na bei inazidi ya kiini halisi. Hata mgawanyo ukiwa sawa, kila mmoja una miligramu 42, na ashwagandha ya kiasi hicho haifikii popote. Muuzaji ukimuuliza asilimia, anakuonyesha idadi ya kapsuli. Na ile inayokuchangamsha ndani ya nusu saa, anayoisifia kuliko zote, ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mizizi hii haifanyi kazi hivyo: huenda imetiwa dawa ya kiwandani isiyoandikwa kwenye lebo. Tanzania, mwambie akuonyeshe usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala au wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Akianza kupiga soga, ondoka na hela yako.