TAHADHARI BUKAVU: huyu muuzaji wa "nyumba ya kobayi etaji tatu", musimutumie avansi

Bandugu, bamama na bapapa ba Bukavu, na beye ba Goma na Uvira, naomba musome hii mupaka mwisho, zaidi sana kama batoto beko banawaomba kobayi ku nyumba (wengine munamuita simbiliki).

Kuko mutu mumoja anapitishaka foto mu bagrupe ba WhatsApp, anauzisha nyumba ya kobayi komplete, etaji tatu, paa nyekundu, na ngazi ndogo ya kupandia, na ndani anakutilia bakobayi bawili, anasema ni bake bawili (hakuna dume), mutu na dada yake, habatazaa kamwe. Bei dola 50. Anaomba kwanza avansi ya 30 ku telefone, ya kubakia utamaliza siku ya kupokea. Yaya yangu (dada yangu mukubwa) alilipa, jirani yake ku Nguba alilipa, na kisha nikaskia mama mwengine wa Bagira naye alilipa. Jina siandike hapa juu kila mara anatumia ingine, na nimero vilevile, ile foto tu njo haibadirikake.

Basi muangalie ile foto muzuri. Nyuma ya kaji, njo ile nyumba ya kobayi, kuko ukuta mweupe, na chini ya dirisha kuko kile chuma ya mistari mistari ya kupashia nyumba joto, shofaji. Ku Bukavu huku nani iko na shofaji ku ukuta? Ile foto ilitoka Ulaya, aliibeba tu ku intaneti akaandika bei juu yake. Jirani wa yaya alimuomba afanye video mufupi, azunguke kaji, ataje siku ya leo, akajibu ati kamera ya telefone ilikufa, na kesho yake akatia foto zingine mpya ku statuti. Ukiona ile, uachane naye palepale.

Kaji yenyewe analeta magaribi, hapana mchana. Ya yaya alipokelea ku barabara karibu na soko ya Nyawera, mvua inaanza kunyesha, kaji imefungwa mu bashi na kamba, moto yake (pikipiki) inanguruma mashini haikuzimwa, jamaa anasema "mama upesi upesi kuko mwengine ananingojea Panzi". Akachukua 20 yake akaenda. Yaya akafungulia ile bashi ku nyumba mbele ya batoto.

Nilienda kuiangalia na metre ya fundi. Kwa urefu wa kwenda juu inanifika ku kifua, kweli, ukiiona kwa mbali utasema hii ni nyumba kubwa. Lakini chini, pale kobayi anatembeaka, ni santimeta 45 kwa 38. Etaji zote tatu ziko vile. Ngazi imesimama karibu wima, kobayi mukubwa hawezi kuipanda, na akiipanda hawezi kushuka bila kuanguka. Chini yote ni griyaji ile ya kuku, matundu mapana, na chini ya griyaji kuko bati ya kupokea mikojo, kando zake zilikatwa na makasi bila kukunjwa, inakata kidole. Mbao ni za palette, moja iko bado na chapa ya moto, herufi MB. Mujue ile chapa: palette zenye zinasafirisha mizigo kati ya inchi zinatiwaka alama, HT maana yake mbao ilipitishwa mu joto, MB maana yake ilifukizwa na gazi ya kuua wadudu, metili bromidi. Na miguu ya kaji bameipaka wili ya vidanji, ile mafuta chafu ya mashini ya mutokari, juu mchwa asikule mbao, nilipoigusa kidole ikatoka mweusi. Kobayi meno yake yanakuaka bila kusimama maisha yake yote, njo maana anatafunaka mbao mchana na usiku. Sasa huyu mutu amemutengenezea chakula ya vidanji.

Hapa njo naomba tuelewane, juu biashara yake yote imesimama ku kitu moja: batu tunaangaliaka urefu wa kwenda juu. Etaji tatu inaonekana ya maana. Lakini kobayi si kindi na si panya wa kupanda, ni munyama wa chini, bakubwa bake balitokea mu milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, ku majani, kazi yake ni kukimbia chini, kujificha, kutoka tena, kukimbia na mwenzake. Nyumba yake inapimwa chini. Kwa bakobayi bawili benye kujua kazi wanasema isipunguke santimeta 120 kwa 60, na kama nafasi iko muongeze. Sasa mufanye hesabu: etaji moja ya huyu jamaa haifike ata robo ya ile, na ukizijumulisha zote tatu bado haifike. Bawili balifinyana pale, mumoja akawa anamufukuza mwenzake usiku kucha na hakuna pa kukimbilia.

Kisha ile griyaji ya chini. Mugeuze kobayi muone nyayo zake, ni ngozi tu, hazina manyoya. Ile waya inamufinya siku yote, ngozi inapasuka, muchafu wa mikojo unaingia, nyayo zinavimba na kutoka usaha, baganga ba banyama banaitaka pododermatiti, na ikifika ku mufupa ni shida sana kuiponya. Kwa yaya haikupita siku nyingi, batoto banasema tu kobayi "anakataa kutembea". Nilipomushika, nyayo ya mbele ilikuwa nyekundu na imevimba, kati yake kigaga cheusi, alilia sana nikiigusa. Yule mwengine muguu wa nyuma ulipita mu tundu, akajivuta akauvunja. Alipona, lakini anachechema mupaka sasa.

Yaya akamutumia huyu muuzaji foto za ile nyayo. Unajua alijibu nini? "Kobayi ni nyama ya kula, unalilia nini." Akamubloke.

Na bamoja banarudilia maneno yake, ati ku kijiji kule Kabare na Walungu kobayi analalaka chini ya kitanda na hafi, hii kaji ni hoteli. Hapana. Sisi bote tunajua kobayi wa kijiji, mama zetu balibachunga mu jikoni, wakati wa vita ng'ombe na mbuzi zilibebwa lakini kobayi alibakia juu ni mudogo, unamuficha, unamukimbiza mu kikapo, na njo wenye balisaidia batoto bengi kupata nyama. Ata baprofesa ba UEA, ile universite ya kule Panzi, balifanyia utafiti ufugo wake mu Sud-Kivu. Lakini yule kobayi wa jikoni iko na sakafu nzima ya kukimbilia, anakanyaga udongo na majani, hakanyage waya. Iko na shida zake, moshi, mbwa, kukanyagwa, lakini nafasi iko nayo. Musikubali mutu awafananishie bile bitu bibili.

Uongo wake mwengine ni ule wa "bake bawili". Wa yaya mumoja alikuwa dume. Mujue kobayi muke anaweza kushika mimba akiwa na mwezi moja tu, dume anafikia miezi mbili hivi na bengine mbele ya ile. Mimba inadumu siku 59 mupaka 72, na siku ileile anazaa anaweza kushika ingine. Mutoto wa kobayi akishika mimba mu kaji ya santimeta 45, na nyayo za usaha, ile si mapenzi ya banyama tena. Na ingine yenye batu habajuake: muke mwenye hajazaa mara ya kwanza mupaka akapita miezi 6 ao 7, mifupa ya kiuno inajifunga, akipata mimba nyuma ya pale anaweza kufa akizaa. Basi mbele ya kulipa, muombe kumushika mwenyewe, mugeuze pole pole, muke pale chini inaonekana sawa herufi Y, dume inaonekana kitone, na ukifinya kidogo juu yake uume unatoka. Kama huwezi, uende na mutu mwenye anachungaka kobayi, kila kata iko naye. Bawili bake, vizuri. Bandugu bawili dume nao banaweza kukaa pamoja kama nafasi iko mukubwa na hakuna muke karibu. Mumoja peke yake, apana, kobayi ni munyama wa wenzake, Uswisi bameisha kuiandika mu sheria tangu 2008 kwamba asichungwe peke yake.

Sasa mutauliza tununue wapi. Mimi naona tusinunue kaji ya foto hata kidogo. Muende kwa seremala yeyote wa Kadutu mwenye iko na atelye yake, mumupatie vipimo, 120 kwa 60, ukuta wa santimeta 40 inatosha, chini triplex, juu ya triplex kipande cha balatumu (ile plastiki ya kutandika chini ya nyumba) yenye imepanda kidogo ku kando na imebanwa na mbao ili basiitafune ku ncha, mbele griyaji ya matundu madogo, ile ya kuku panya anaipitia na mbwa anaikunja. Mufuniko juu kama kuko paka. Mbao isipakwe kitu. Ku chini mutie maranda ya kukauka, hapana unga wa mbao, ule unga unaingia mu mapua na mapafu, kisha majani ya kukauka mengi juu yake, analala ndani na anakula vilevile. Kila siku mutoe pembe yenye imelowa, juu mikojo ikikaa inatoa ile harufu kali yenye inachoma macho, amonia, na kobayi kwa mapafu ni muzaifu sana. Njo maana ata bassin ya plastiki yenye kufungwa na aquarium ya vioo si nyumba yake, hewa haipite.

Mutie vijumba bibili bya kujifichia, ata karto tu, lakini kila kimoja kikuwe na milango mibili. Hii batu banaonaka ni kitu kidogo. Mumoja akifukuzwa akaingia mu karto ya mulango moja, mwenzake anamuzibia pale, wanaumana. Milango mibili, anatokea ngambo ingine, habari inaisha.

Pa kuiweka: ndani ya nyumba, hapana ku baraza yenye inapokea upepo wa ziwa, na hapana chini ya mabati matupu pale jua inawaka, kobayi joto ikipita digri 26 hivi anaanza kuteseka, kwa baridi ya Bukavu akiwa na majani makavu na mwenzake hana shida. Mbali na mbabula (jiko ya makala). Na siku za mvua musisahau siafu, zikiingia usiku mu kaji asubuhi hamutakuta kitu, mupandishe kaji ku meza na kila muguu wa meza musimamishe mu kopo yenye maji.

Kwa makuta: avansi musitume kwa mutu hamujaona atelye yake. Mumuulize santimeta za chini, akikujibu "iko mukubwa mama usiwaze", muachane. Muombe foto ya sakafu, hapana ya paa. Mupokelee mchana, mufungulie bashi palepale mbele ya kutoa ya kubakia, ata moto ingurume namna gani.

Na beye benye musha nunua, leo leo mukate triplex ao karto nguvu mufunike ile griyaji yote, mutoe ngazi, mutoe mbao zenye vidanji na ile ya MB, na mutenge dume na muke. Kama basha zaa, batoto dume mubatoe kwa mama bakifikisha wiki tatu. Nyayo zikivimba mupeleke kwa munganga wa banyama. Tafazali sana musimupatie amoxi ya famasi kwa kumuhurumia, amoxicilline na penicilline zinamuua kobayi, zinaharibu matumbo yake, anaacha kula na anakufa, nimeona batu banafanya ile kwa roho nzuri.

Musifute mazungumuzo yake wala SMS ya kutuma avansi. Mwenye alitumia huyu mutu makuta aniandikie pembeni na foto ya SMS na ya kaji, tuko banane hivi benye tunazikusanya tuzipeleke polisi kwa mara moja.