Chai ya kupunguza tumbo na kusafisha kizazi: tathmini ya mtumiaji

Pakiti ya kijani yenye mifuko 28 ya chai huuzwa kwa shilingi 35,000 katika maduka ya vipodozi na dawa za asili Kariakoo, na kwa bei ya juu kidogo kwa anayeagiza kwa WhatsApp na kuletewa na bodaboda. Juu ya pakiti zimeandikwa ahadi tatu kwa mfuatano: kuondoa kitambi, kusafisha kizazi na kumwezesha mwanamke kushika mimba. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa chai za aina hii hubadilisha majina kila mara huku yaliyomo yakibaki yale yale, na ninayoyasema hapa yanazihusu zote za ukoo huo. Niliitumia kama maelekezo yanavyotaka, mfuko mmoja kila usiku kabla ya kulala.

Kwa ladha, hakuna la kulalamikia. Tangawizi na mdalasini vimetiwa kwa wingi unaotosha kuficha uchungu. Kiungo kinachotajwa kwanza, hata hivyo, ni sanamaki, majani yanayoharisha, na hicho ndicho kinachofanya kazi yote. Kemikali za sanamaki hupita kwenye utumbo mwembamba bila kufanya lolote la maana, kisha bakteria wa utumbo mpana huzibadilisha na kuufanya utumbo huo ujikaze na kutoa maji, kwa kawaida baada ya saa 6 hadi 12. Ndiyo maana chai hunywewa usiku na msokoto wa tumbo huja alfajiri. Wakati huo chakula cha jioni kimekwisha kufyonzwa, wali na mafuta yake yamekwisha kuingia mwilini, na kinachotoka ni maji, chumvi na choo. Mizani ilishuka siku za mwanzo na sketi ikalegea kiunoni, nami nikaelewa kwa nini watu huisifu bidhaa hii kwa dhati. Nilipoiacha na kurudi kunywa maji kama kawaida, uzito ulirudi pale pale ulipokuwa.

Muuzaji aliponiambia, "Dada yangu, tumbo likiisha mimba inaingia," alikuwa ameshika ncha ya jambo la kweli, na hapo ndipo ugumu wa kuipinga chai hii ulipo. Mafuta ya mwilini si mzigo uliolala tu. Hutengeneza homoni ya estrojeni, na yanapozidi, hasa yale ya ndani ya tumbo, mwili huanza kuikaidi insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, hivyo yai hukosa kupevuka na hedhi huchelewa au hupotea kwa miezi. Hali hiyo huonekana zaidi kwa wanawake wenye tatizo la homoni za ovari liitwalo kwa kifupi PCOS, ambalo linaweza kumpata hata mwembamba lakini huzidi makali uzito unapoongezeka. Mimba ikishika, uzito uliokithiri huongeza hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kujifungua kwa upasuaji, mbali na kisukari cha kawaida na maradhi ya moyo yanayoweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Lakini kiasi kinachohitajika kupungua ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na ni mafuta yanayopaswa kupungua, si maji. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80 ana uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo kugawanywa kwa mraba wa urefu) wa takriban 31, yaani amevuka 30, kiwango ambacho madaktari hukiita kiribatumbo. Kwa mwenye PCOS, kupunguza asilimia 5 hadi 10, ambayo kwake ni kilo 4 hadi 8, mara nyingi hutosha kurudisha mpangilio wa hedhi na upevukaji wa mayai. Hata akizipunguza zote 8 bado atakuwa juu ya 25, kikomo cha uzito wa kawaida, majirani bado watamwita bonge, na huenda ovari zikawa zimekwisha kuamka. Picha za kabla na baada zinazobandikwa na wauzaji, zenye tumbo bapa, hazina lolote la kusema kuhusu hilo.

Wala kupungua si dhamana. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa wanawake wanene 577 waliokuwa wakitafuta mtoto: kundi moja lilianza na miezi 6 ya kubadili mlo na kufanya mazoezi, jingine likapewa matibabu ya uzazi mara moja. Waliotangulia kupunguza uzito walishika mimba zaidi bila msaada wa daktari, ila ndani ya miezi 24 hawakulizidi kundi la pili kwa watoto waliozaliwa salama kwa njia ya kawaida, mimba zikiwa zimetimia. Kwa mwanamke anayekaribia miaka 40, kuambiwa "kapungue kwanza" kunaweza kumgharimu muda ambao hawezi kuurudisha.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni kwamba chai hii huuzwa kwa mwanamke yeyote anayetamka neno mtoto, hata mwenye uwiano ulio chini ya 18.5. Mwili unaokosa akiba ya nishati hunyamazisha ishara zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye ovari, na hedhi hukatika kwa sababu ya wembamba. Huyo anahitaji kula zaidi, na kumpa dawa ya kuharisha ni kumrudisha nyuma.

Kuhusu kusafisha kizazi, kinywaji kinachofanya kazi kwenye utumbo mpana hakina njia ya kufika kwenye mfuko wa uzazi, ambao kwa vyovyote hubadilisha utando wake kila mwezi kwa hedhi. Mirija iliyoziba kwa makovu ya maambukizi, ambayo ni sababu kubwa ya ugumba katika nchi zetu, haizibuki kwa chai. Mume pia hatajwi popote kwenye pakiti, ilhali unene hushusha testosteroni na unaweza kudhoofisha mbegu zake.

Yapo pia mambo ya usalama. Sanamaki haishauriwi kutumika zaidi ya wiki moja bila usimamizi wa mtaalamu, kwa kuwa kuharisha kwa muda mrefu hupunguza madini ya potasiamu ambayo moyo huyategemea. Pakiti hii ina mifuko ya wiki nne, na muuzaji anashauri kununua tatu. Hakuna onyo kwa mwenye mimba changa, ambaye ndiye mteja aliyeahidiwa. Sikuona namba yoyote ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na nilipouliza nilijibiwa kwamba "ni majani tu." Jibu hilo halitoshi katika biashara ambayo bidhaa zake, katika nchi mbalimbali, zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo.

Simshauri mtu yeyote anayetafuta mtoto ainunue. Fedha za pakiti tatu, shilingi 105,000, zina matumizi bora zaidi kwa wenza waliojaribu mwaka mzima bila mafanikio: kipimo cha sukari, kipimo cha mbegu za mume, na vidonge vya foliki asidi vinavyopaswa kuanzwa kabla ya mimba. Mwenye kufunga choo anaweza kununua majani ya sanamaki yenyewe kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na anayemuuzia hatamwahidi mtoto.