The Marriage Course: jioni saba za kuzungumza na mwenzi wako, si na kanisa

Semina ya ndoa tunayoijua ina kipaza sauti na mhubiri anayechekesha. Wanaume huku, wanawake kule, mtu anauliza swali "kwa niaba ya rafiki yake", kisha watu wanarudi nyumbani wamecheka vizuri na hawajaambiana neno. The Marriage Course imejengwa kinyume kabisa cha hapo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Bahati mbaya ndiyo sifa ya kwanza kuharibiwa ikifika mikononi mwetu.

Kozi hii ilianzishwa na Nicky na Sila Lee mwaka 1996 katika Holy Trinity Brompton, kanisa la Kianglikana la London, lile lile lililoisambaza Alpha, kozi ya kuitambulisha imani ya Kikristo. Ina vipindi saba: kuimarisha uhusiano, mawasiliano, kutatua migogoro, msamaha, athari za familia tulizotoka, tendo la ndoa, na upendo kwa vitendo. Kipindi kimoja pamoja na chakula huchukua saa mbili na nusu hivi. Imelengwa kwa wanandoa na kwa wanaoishi pamoja kwa muda mrefu, wawe waamini au wasiwe. Hapo kanisa litalazimika kuamua mapema kama linawapokea walio kwenye "sogea tukae". Kwa maoni yetu wapokelewe, mradi waambiwe siku ya kujiandikisha msimamo wa kanisa ni upi, wasije wakashtukizwa jioni ya sita.

Mwendo wa jioni ni mwepesi: watu wanakula, mada inaanza kwa filamu au kwa kiongozi aliye mbele, inasimama, na kila wawili wanageukiana kuzungumza dakika tano au kumi juu ya swali lililo kwenye kitabu cha mshiriki. Mada inaendelea, inasimama tena. Hakuna mjadala wa kikundi, hakuna kuripoti mlichosema, hakuna anayewajia mezani kuwawekea mikono. Kiongozi akitaka kujua kama kazi inaenda, asikilize sauti ya ukumbi tu: mnong'ono wa mfululizo ni dalili njema, kicheko cha meza kwa meza ni dalili kwamba watu wamegeuka kupiga soga.

Kwa hiyo upangaji wa chumba si urembo. Meza za watu wanane, zile za harusini, zinaua kozi nzima. Tafuta meza ndogo za wawili. Zikikosekana, viti viwili vinavyotazamana na stuli ya kuwekea chai katikati vinatosha. Kati ya wawili na wawili wengine acha angalau mita moja na nusu. Ukumbi wa mita 8 kwa 10 unabeba jozi 12 kwa starehe, ukizipanga safu tatu za nne nne. Weka muziki usio na maneno wakati wa mazungumzo, kwa sauti ya kutosha kumzuia jirani asisikie lakini isiyowalazimisha wawili kupaza sauti. Nyimbo za maneno hazifai, maana mtu ataanza kuimba pambio wakati mkewe anamweleza jambo zito.

Chakula nacho kiwe cha kupakuliwa haraka. Pilau na kachumbari inakwenda. Nyama choma ya kusubiri inakula nusu saa ya mazungumzo. Katika miji yenye foleni, jioni ya siku ya kazi ni kujitafutia ucheleweshaji, kwa hiyo Jumamosi saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu inafaa zaidi, na watoto wawe na chumba chao na watu wazima wawili wa kuwaangalia. Filamu zipakue mapema kwenye kompyuta badala ya kutegemea bando la siku hiyo, na hakikisha LUKU ina uniti.

Sasa uharibifu. Wa kwanza ni kipindi cha sifa cha dakika 40 mwanzoni. Kitakula muda, na muda unaokatwa mwishowe ni ule wa wawili, kwa sababu filamu haina huruma. Wa pili ni ushuhuda. Mchungaji anasimama jioni ya tatu na kuuliza nani Bwana amemtendea wiki hii, na hapo kozi imekwisha: kuanzia wiki ijayo kila mume atachuja anachomwambia mkewe kwa kuhofia kusimuliwa mbele za watu. Wa tatu ni kundi la WhatsApp. Likiwepo, liwe la viongozi kutangaza saa na mahali tu, wengine wasiweze kuandika. Wa nne ni kuruhusu mmoja ahudhurie peke yake ili "akamweleze mwenzake nyumbani". Mke anayerudi na maelezo ya namna mume anavyopaswa kusikiliza amebeba kuni za moto. Mmoja asipoweza kuja, wote wawili waikose jioni hiyo, kisha wapewe filamu waitazame pamoja.

Jioni ya pili ndiyo tunayoiona bora kuliko zote. Inataja tabia mbaya za usikilizaji: kufariji haraka, kushauri, kugeuza jambo la moyoni kuwa nadharia, kuchepusha mazungumzo, kukatiza. Kwa waamini tungeongeza ya sita, ya kujibu kwa mstari. Mke anasema amechoka, mume anajibu "mtumaini Bwana", na mstari wenyewe ni wa kweli kabisa ila umetumika kama mlango wa kufungia. Yakobo 1:19 inataka mtu awe mwepesi wa kusikia, si mwepesi wa kusema. Haikuwatoa wanaosema maneno ya Biblia.

Zoezi lake linafanyika hivi. Mmoja anaeleza jambo linalomlemea. Mwenzake anarudia alichosikia kwa maneno yake, bila kukitetea wala kukirekebisha, kisha anauliza: katika hayo, lipi ni kubwa kwako? Ungependa lifanyike nini? Kuna kingine? Halafu wanabadilishana. Kosa la kawaida ni wawili kuchagua ugomvi wao mkubwa kwa sababu wamefurahi kupata nafasi. Dakika ya pili wanajitetea. Kiongozi asisitize kwamba zoezi la kwanza liwe la jambo la nje ya wawili hao: bosi, afya ya mzazi, biashara iliyodorora. Misuli ya kusikiliza hujengwa kwa mzigo mdogo kwanza.

Jioni ya tatu inaeleza kwamba watu wakikasirika wapo wanaoshambulia kama kifaru na wapo wanaojikunja kama kalunguyeye. Anayetoa mada kwa Kiswahili asimtafsiri huyo wa pili kuwa nungunungu, kama wengi watakavyoshawishika kufanya. Kalunguyeye hujikunja akawa mpira. Nungunungu huweza kukurudia kinyumenyume na miiba yake. (Ndoa za namna hiyo pia zipo, na kozi haijazipa jina.)

Ndani ya jioni hiyo kuna kanuni inayozua ubishi makanisani: ikifika saa nne usiku, yeyote kati ya wawili ana haki ya kuahirisha ugomvi hadi wakati mwafaka zaidi. Mtu wa Biblia atanyoosha kidole na Waefeso 4:26, "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka". Lakini mstari unazungumzia uchungu, haukuagiza watu wawili waliochoka wakeshe wakibishana hesabu za ada mpaka saa saba. Kanuni inafanya kazi kwa sharti moja: anayeahirisha ndiye anayetaja siku na saa ya kurudia. Asipotaja, amejikunja tu kama yule kalunguyeye, na jua limekuchwa kweli.

Kisha yanafuata maelekezo ya kutatua: jambo moja kwa wakati, sema unavyojisikia badala ya kumshtaki mwenzio, orodhesheni suluhu kadhaa, chagueni moja ya kujaribu, mkaipitie baadaye. Kwa Kiswahili mtego uko kwenye maneno "kila siku", "hata siku moja" na "wewe huwa". "Wewe huwa hunishirikishi" inaalika ubishi wa takwimu. "Nilijisikia nimetengwa ulipomtumia kaka yako hela kabla hatujazungumza" inaalika jibu. Kuhusu suluhu, tunashauri ziandikwe tano au sita hata kama nyingine za kuchekesha, na tarehe ya kupitia iandikwe kwenye kalenda, wiki mbili mbele, si "tutaona".

Jioni ya nne inahitaji tahadhari kubwa kuliko kitabu kinavyoonyesha. Hatua zake ni tatu: taja jeraha, omba radhi, samehe. Kila mmoja anaandika yaliyomuumiza, wanabadilishana, wanazungumza. Nguvu yake ni ile hatua ya kwanza, maana sisi tuna neno linaloiruka: "yaishe". Mtu anasema "basi, mama watoto, yaishe", na kilichoisha ni mazungumzo tu. Vilevile "samahani kama nilikukosea" si kuomba radhi. Hilo "kama" linarudisha kesi kwa mlalamikaji. Radhi iliyokamilika inataja kitendo: "Nilikudharau mbele ya dada yangu. Nilikosea."

Hatari yenyewe iko nyumbani. Katika nyumba yenye kipigo, karatasi ya majeraha iliyoandikwa saa kumi inaweza kugeuka sababu ya kupigwa saa tatu. Kozi si tiba ya ukatili. Wakati wa kujiandikisha, kila mmoja aulizwe faragha, mke na kiongozi wa kike, mume na kiongozi wa kiume: je, unamwogopa mwenzio? Jibu likiwa ndiyo, wasiingie kozini. Asaidiwe anayeogopa, ikiwemo kufikishwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kwa walio Tanzania. Na mtu asitumie "saba mara sabini" ya Mathayo 18:22 kumrudisha mtu kwenye kipigo. Kusamehe ni jambo la moyo linaloweza kufanywa ukiwa umelala salama kwa shangazi yako. Kuaminiana upya kunategemea mwenendo wa aliyekosa, na huchukua miezi.

Jioni hiyo hiyo ndiyo ya maungamo ya kuchepuka. Viongozi wawe na jina la mshauri aliyesomea kazi hiyo, na wajue kituo cha kupima VVU kilicho karibu, kabla ya jioni yenyewe kufika.

Udhaifu mkubwa tunaouona ni jioni ya tano. Mwanzo 2:24, kumwacha baba na mama na kuambatana na mke, inaelezwa vizuri: maamuzi yahamie kwa wawili, heshima kwa wazazi ibaki. Ila maswali yake yanamwona mkwe kama mtu wa kutembelewa. Kwetu mama mkwe anaweza kuwa anaishi chumba cha pili, mpwa anasomeshwa hapo hapo, mahari haijamalizika na wajomba wanakumbusha kila msibani. Kanisa lichapishe maswali yake matatu na kuyaongeza: nani katika ukoo ana haki ya kuingia kwetu bila taarifa? Akija mgeni wa kukaa zaidi ya wiki, nani anamwambia nani kwanza? Mama yako akimsema mwenzi wako, nani anamjibu? Jibu la hilo la mwisho liwe moja: mtoto wake wa kumzaa ndiye anayejibu.

Kuhusu jioni ya sita tutasema kwa ufupi. Imeandikwa kwa staha, haina la kumwaibisha mtu, na faragha ya kozi inaiokoa. Atakayesoma 1 Wakorintho 7:3-5 asome yote, maana wengi huishia kwenye "msinyimane" na kuruka kwamba mamlaka juu ya mwili yametajwa kwa pande zote mbili.

Imani katika kozi ni kama chumvi kwenye maji ya wali, ipo bila kuonekana. Kwa asiye mwamini ni ukarimu. Kwa wazee wa kanisa itaonekana pungufu. Wasiongeze mahubiri. Waongeze zoezi la nyumbani: wawili kila mmoja amwombee mwenzake kwa sentensi mbili, kwa jambo alilolitaja mwenyewe, si lile unalotaka Mungu amrekebishe.

Gharama ni ndogo. Kanisa hujisajili mtandaoni na kupata filamu bure. Vitabu ni vya kununua, kimoja kwa kila mtu, wala si kwa jozi, kwa kuwa majibu huandikwa kila mmoja kivyake kabla ya kuonyeshana. Visikusanywe kamwe. Kundi lisilofuata Kiingereza cha filamu kwa urahisi lisikalishwe kwa mkalimani wa sentensi kwa sentensi, maana kipindi kitakuwa kirefu maradufu. Jozi moja ya viongozi itoe mada yenyewe kwa Kiswahili, dakika 10 au 15 kati ya mazungumzo na mazungumzo, na mifano iwe ya kwao.

Kitu kimoja kinakosekana kabisa kwenye vipindi saba: jioni ya fedha. Ongeza ya nane, bila mhubiri. Kila mmoja apewe karatasi yenye safu nne: kinachoingia, madeni (pamoja na mikopo ya kwenye simu), kinachokwenda kwa ndugu, na zaka na michango ya kanisa. Waandike bila kuonana kwa dakika 15, kisha waweke karatasi mbili pamoja na kutafuta safu ambayo tarakimu zimepishana zaidi. Waanze na hiyo. Chai iwepo ya kutosha, na mlango wa nje usifungwe, kwa sababu baadhi watataka kwenda kuzungumzia kwenye gari.