Mizani ya mfukoni ya gramu 0.01: rupia ya Mjerumani inaiweza, robo rupia inaitoa jasho

Mizani hizi ndogo za sonara, zenye kikomo cha gramu 200, ndicho kifaa cha kwanza cha kununua ukianza kukusanya sarafu za zamani. Tatizo ni kwamba wengi wanazitumia nusu. Wanaweka sarafu, wanaona uzito unalingana na wa kitabuni, wanalipa. Mghushi naye anaujua uzito huo. Akitumia madini mepesi huongeza unene kidogo tu, akaufikia.

Chukua rupia 1 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yenye kichwa cha Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, aliyevaa kofia ya chuma. Ikiwa mpya ina gramu 11.66, fedha ya asilimia 91.7, kipenyo cha milimita 30 hivi. Iliyozunguka sana hupungua, kwa hiyo 11.45 isikutishe. Ya kutisha ni 11.95, maana kuchakaa hakuongezi uzito.

Thamani halisi ya mizani hii inaonekana majini. Pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Weka juu ya mizani kikombe chepesi cha plastiki chenye maji kama mililita 80, yaliyochemshwa yakapoa, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa mshipi mwembamba, uuning'inize kwenye penseli iliyolazwa juu ya vitabu viwili, sarafu izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Usishike mshipi kwa mkono, kwa sababu mkono hautulii. Gawanya uzito wa ikiwa kavu kwa namba inayosomeka sasa; jibu ndilo densiti, yaani gramu kwa kila mililita ya ujazo wa sarafu. Gramu 11.60 kwa 1.12 ni 10.36, na fedha ya rupia hukaa karibu na 10.3. Shaba iliyochanganywa na nikeli, yenye uzito uleule, ingesoma 1.30. Tofauti hiyo hata mizani ya bei rahisi inaiona.

Majibu mabaya mara nyingi hutokana na viputo vya hewa vilivyonasa kwenye maandishi: vinaishusha densiti, na sarafu halali inaonekana bandia. Tone moja la sabuni ya vyombo linaviondoa. Zima feni. Betri ikichoka, namba hutembea zenyewe, na mizani nyingi hujizima katikati ya kazi. Ukimaliza, kausha sarafu kwa kuigandamiza na kitambaa laini, usiisugue. Sarafu ndogo za shaba za Mjerumani ziitwazo "pesa", za 1890 hadi 1892, usiziloweshe kabisa, hakuna utakachojifunza.

Kwenye robo rupia, yenye gramu 2.92, kifaa kinaonyesha udhaifu wake. Majini inasoma kama 0.28, na ikikosea kwa 0.02, jambo la kawaida kabisa, densiti inayumba kati ya 9.7 na 11.2. Nikeli utaikamata, ila kiwango cha fedha hutakijua. Hapo inahitajika mizani ya gramu 0.001, yenye kikomo cha gramu 50, na kikombe kidogo zaidi.

Mizani haikamati bandia iliyotengenezwa kwa fedha halisi. Hapo shika lenzi ya kukuza mara 10: tafuta herufi zenye kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, vishimo vidogo kwenye sehemu tupu ya uso, na mstari wa kalibu ukingoni. Kwa sarafu ya thamani zaidi ya hapo, kama rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916 yenye tembo (gramu 7.17, dhahabu ya asilimia 75), usinunue kwa mizani na lenzi peke yake. Dai iliyothibitishwa na NGC au PCGS, kampuni zinazokagua sarafu na kuzifungia kwenye kasha la plastiki lenye namba, na uhakiki namba ya kasha na picha kwenye tovuti yao, kwani makasha nayo yanaghushiwa.

Kwenye bei, mizani inakupa sakafu tu, yaani thamani ya fedha iliyomo: rupia nzima ina takriban gramu 10.7 za fedha safi. Juu ya hapo ni mwaka, herufi ya kiwanda kilichoigonga na hali ya uso. Iliyong'arishwa kwa dawa ya meno imeshapoteza sehemu kubwa ya kilicholipiwa na wakusanyaji.

Mizani nyingi huuzwa bila jiwe la gramu 100 la kuisawazisha, linunue pamoja. Ukilikosa, senti 5 mpya ya Marekani ina gramu 5.00 na yuro 1 ina 7.50. Safarini ifunge mfuniko, maana kidole kizito juu ya kisahani kinatosha kuiharibu.