Hina au tatuu: mgeni achorwe nini Kisumu?
Mgeni akitaka alama ya Kisumu mwilini, mimi humpeleka kwanza kwa mpakaji hina. Unga wa majani ya mhina hukorogwa, ukakamuliwa kwa koni, maua yakatambaa kutoka kiganjani hadi kiwiko. Mikono ikisubiri kukauka hata simu haishikiki, basi ni soga tu: Mluo, Mhindi na Mswahili benchi moja. Rangi hukaa wiki 1 hadi 3. Piko, yaani hina nyeusi, aikatae, maana ile yenye rangi ya nywele huweza kuunguza ngozi.

Tatuu? Sindano hushusha wino chini ya ngozi ya juu, na ngege, samaki wa ziwani, aliyechorwa begani hatoki kwa sabuni. Mgeni ajue kwanza maana ya mchoro anaoazima kwa wenyewe, na sindano ifunguliwe mbele yake.