Sinia moja, watu watatu: nimerudi kwenye migahawa yetu ya Dar

Sisi watatu tulilala chumba kimoja Mabibo Hosteli kuanzia 2006 mpaka 2009. Kila boom, ile hela ya mkopo wa wanachuo, likitoka tulikuwa na utaratibu wetu: siku ya kwanza tunalipa madeni ya genge, siku ya pili tunapanda daladala kwenda mjini kula chakula cha watu wengine. Ndivyo tulivyokiita. Cha Kihindi, cha Kichina, cha Kihabeshi, chochote ambacho mama zetu hawakuwahi kutupikia. Mmoja wetu ni mtu wa Tanga, siku hizi anafundisha Muscat. Wa pili ni Mpare, hajawahi kuhama Dar. Mimi nilihamia Dodoma pamoja na wizara.

Mtu wa Tanga alipokuja likizo, Mpare akatupangia: Ijumaa na Jumamosi, tunapita kwenye migahawa yetu yote. Nikapanda treni ya SGR. Kwa basi safari hiyo ilikuwa inanila siku nzima. Safari hii nilifika Dar na nguo hazijakunjamana. Ila moyo ulikuwa mzito. Mimi na mtu wa Tanga tulikuwa hatujazungumza miaka miwili, kwa sababu ya hela ya mchezo, ule wa kuchanga na kupokezana kwa zamu. Nilipokea zamu yangu, mama akaugua, nikashindwa kupeleka miezi mitatu mfululizo. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Maneno yakawa makali, simu zikakatika.

Tulianza na mgahawa wa Kichina ambao zamani tuliupenda kuliko yote. Sitautaja. Tambi zilikuja zimepoa na zimegandamana, mchuzi umejaa sukari, na televisheni ilikuwa inapiga kelele hadi tukaacha kuongea. Wale watu wawili wenye ugomvi wao, wamekaa wanatazama mpira usiowahusu. Tulilipa tukaondoka, na hilo nalisikitikia kweli, maana pale ndipo nilipojifunza kushika vijiti.

Usiku huohuo tukaenda Mamboz, kona ya Morogoro Road na mtaa wa Libya. Kama unakuja kwa mwendokasi, shuka Kisutu, moshi utakuonyesha njia. Maduka ya mtaa yakifungwa ndipo pale panapochangamka: majiko ya mkaa nje, viti kando ya barabara, familia za Kihindi, za Kiarabu, za Kiswahili, wote wanasubiri kuku. Kuku wao anaiva mpaka kwenye mfupa lakini hakauki, na ukimkamulia ndimu yale mafuta na pilipili yanashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kula kwa mkono, usione haya. Mtu wa Tanga alisema neno moja tu usiku ule: "Yuleyule." Nilijua anasema kuku.

Jumamosi mchana tulipita Chapan Bhog, mtaa wa Kisutu, kwenye mahekalu ya Wahindi. Hapo hakuna nyama kabisa. Agiza dosa, chovya kwenye chatini ya nazi, nunua vitamu vya kubeba nyumbani. Mpare alifurahi kupita sisi sote, kwani daktari amemkataza nyama nyekundu.

Sasa nifike nilipotaka kufika, Addis in Dar, mtaa wa Ursino, Regent Estate. Mhudumu akikuuliza unataka meza ipi, omba mesob, lile kapu refu la kusuka ambalo ndilo meza lenyewe. Mnakaa kwenye vigoda, magoti yanakaribia kugusana, na sinia ni moja. Nasema kwa uzito wote: kama kuna mtu hamjaonana muda mrefu, au mmeachana vibaya, mpeleke mgahawa wa Kihabeshi. Mkono wa kulia una kazi, simu huwezi kushika, na chakula chako kiko upande wake.

Injera ilikuja imefunika sinia nzima. Kwa asiyeijua, ifikirie chapati ya maji kubwa sana, laini kama sponji, yenye ukali wa togwa ya jana. Ule ukali unatokana na unga wa tefu kuchachushwa siku kadhaa kabla ya kupikwa. Inachomwa upande mmoja tu, kwa hiyo upande wa juu unabaki na vitundu vidogo vidogo, Wahabeshi wanaviita macho, na hayo macho ndiyo yanayokunywa mchuzi. Juu yake tuliagiza vyakula vya mfungo kwa ajili ya Mpare: dengu nyekundu zenye berbere, ule unga wao wa pilipili na viungo, kabichi na karoti, mboga za majani, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, inayochemka bado. Wakristo wao wa Orthodox wanafunga nyama na maziwa kila Jumatano na Ijumaa, ndiyo maana wanajua kupika mboga hivi.

Katikati wakamwaga doro wat, mchuzi wao wa kuku. Kitunguu cha mchuzi ule kinakaangwa polepole bila mafuta, muda mrefu, hadi kinapoteza umbo na kuwa cheusicheusi, ndipo inaingia berbere na samli yenye viungo. Ukila unasikia utamu wa kitunguu kwanza, moto unakuja nyuma. Ndani yake kulikuwa na mayai mawili ya kuchemsha. Sisi watatu.

Mtu wa Tanga akapasua yai moja kwa vidole, akachota na kipande cha nyama, akakunja ndani ya injera, akaninyooshea. "Shoga, fumbua mdomo."

Wahabeshi wanaliita gursha tonge hilo la kumlisha mwenzio, na halikataliwi. Nilifumbua. Lilikuwa kubwa, pilipili ikanipanda puani, machozi yakatoka, na sikuyafuta.

Mambo mawili kwa anayetaka kwenda: weka nafasi mapema, hasa mwisho wa wiki, na usiwe na haraka. Kahawa yao, buna, haiji kama oda ya soda. Buni mbichi zinakaangwa, moshi wake unaletwa mnuse, ubani unafukizwa, kisha inamiminwa kutoka kwenye jebena, birika jeusi la udongo, pamoja na bisi. Ni mikupuo mitatu: abol, tona na baraka. Kuondoka kabla ya baraka si adabu.

Kwenye tona tuliongea habari ya mchezo. Nilimwambia nilipaswa kumpigia mwenyewe badala ya kunyamaza. Akasema yeye naye alipaswa kuuliza kwanza kabla ya kuandika vile kwenye kundi. Mpare alitafuna bisi zake kimya, akijifanya hasikii.

Kikombe cha tatu ni chepesi, karibu kama chai. Mtu wa Tanga akakishika kwa mikono miwili.

"Mama hajambo sasa?"

Mama alifariki Machi. Hakuwa na habari, maana nani angempa.

Mhudumu alikuwa anakuja na bili. Mpare akamwashiria asubiri.